Msimbo wa Kuzalishwa Haujui Geti la Nyakanazi

Mwulize kijana anayejenga mifumo kwa Laravel au Symfony jinsi ya kuunganisha mifumo miwili. Jibu analo mdomoni: andika faili la mkataba, endesha amri moja, msimbo ujizalishe, kisha iite seva ya Dodoma kama unavyoita kazi iliyomo ndani ya programu yako. Uongo mtupu. Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems waliukanusha tangu 1994, lakini bado unauzwa.

Chukua lori la mahindi kwenye geti la ushuru pale Nyakanazi, Biharamulo. Mkusanyaji anabonyeza mashine, mwito unatoka, mtandao unakata. Malipo yameingia au hayajaingia? Msimbo uliozalishwa haujui. Akirudia, mwenye mzigo anaweza kutozwa mara mbili. Akiacha, huenda halmashauri imekosa chake. Dawa ni kila muamala kuwa na namba yake ya pekee kabla haujatumwa, ili seva iyatambue marudio. Wajenzi wa GePG, mfumo wa malipo ya serikali, walilielewa hilo: ankara hupewa namba ya malipo kwanza, fedha baadaye. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa na mtu, amri ya kuzalisha haiufanyi.

PHP, lugha ya Laravel na Symfony, nayo haifichi aibu. gRPC, mojawapo ya zana hizo za kuzalisha msimbo wa miito, haina kikomo cha kusubiri usipokiweka mwenyewe, na PHP-FPM, inayoendesha programu za PHP kwenye seva, kwa mipangilio yake ya kawaida huruhusu michakato 5 tu. Miito 5 ikikwama, karani wa Kabanga, Ngara, anayetaka tu kufungua ukurasa wa kuingilia naye anakaa foleni.

Kuna na hili la kimyakimya. Katika proto3, lugha ya kuandikia faili la mkataba la gRPC, sehemu ya kawaida ya namba isiyojazwa husomwa 0. Uzito usipotumwa, seva inaona kilo 0, inakokotoa ushuru 0, na hakuna kosa linaloonekana popote. Mkaguzi ndiye atakayeliona, mwakani.

Zana hizi zinapunguza uchovu wa kuandika, sibishi. Zifanye hiyo kazi, basi.

Maofisa TEHAMA wa Ngara na Biharamulo, msipokee mfumo kwa kuonyeshwa maonyesho ya ofisini penye mtandao wa kasi. Mwambieni mjenzi akate mtandao katikati ya malipo, aurudishe, abonyeze tena. Kisha hesabuni stakabadhi.