MZABIBU WA AŸ NA MKARAFUU WA PEMBA



Yamkini wako watakaouliza: gazeti la chama, katika visiwa vya Waislamu, lina haja gani na mvinyo? Hatuusifu mvinyo wala hatumwiti mtu kuunywa. Twaitazama hesabu yake tu, maana ndani yake imo dhulma tuliyotendewa sisi.

Katika Aÿ, nchini Ufaransa, nyumba ya Bollinger ina vishamba viwili vya mizabibu ya asili. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu filoksera aliingia Champagne akila mizizi, hata mizabibu karibu yote ikabidi kupandikizwa juu ya mashina ya Kimarekani. Hii michache ilisalimika. Hutunzwa kwa mikono: tawi huinamishwa, likafukiwa, likatoa mizizi mipya. Tangu 1969 hutolewa humo mvinyo wa povu, chupa elfu chache tu, na si kila mwaka. Chupa moja huuzwa zaidi ya dola 1,000.

Sasa tutazame kwetu. Msafiri atokaye Nangara, Babati, akishika njia ya kusini kupitia Kondoa, hufika Dodoma, ambako mizabibu huzaa mara mbili kwa mwaka. Neema iliyoje! Lakini ni mara ngapi tumewasikia wakulima wa huko wakilia kuwa zabibu zao zaharibika kwa kukosa mnunuzi?

Na visiwani je? Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja. Ya Pemba, aghalabu, ikasalimika. Basi Mwenyezi Mungu ametujaalia nasi urithi wa miti mikongwe. Tofauti haiko katika udongo, iko katika utawala. Wafaransa wameliwekea jina la Champagne ngome ya sheria, asilitumie mgeni. Sisi tulimwekea ngome mkulima wetu, asitoke! Mwaka 1968 liliundwa Shirika la Biashara la Taifa, likawa mnunuzi pekee wa karafuu. Kwa miaka mingi mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, na aliyevusha gunia kwenda Mombasa akaitwa mhalifu. Bei ilipopandishwa 2011 tukaambiwa tushukuru. Je, mtu hushukuru kwa kurudishiwa kilicho chake?

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Kwetu aliyechuma juani alibaki juani, na kivulini akala mwingine.

Kwa hiyo twadai: mkulima awe huru kumchagua mnunuzi, hesabu za mauzo zitangazwe hadharani kila msimu, jina la karafuu ya Zanzibar lilindwe kwa sheria huko ziuzwako, na mbegu za mikarafuu mikongwe ya Pemba zihifadhiwe kabla mikongwe hiyo haijaanguka.

Mti haujui chama. Humzalia aliyeupanda. Anayemnyang'anya ni binadamu, na binadamu huulizwa.

Mwenye kusikia amesikia.