Jaji Shoga Kenya? Mutunga Aliulizwa, Cameron Alijibu

Mwaka wa 2011 Kenya ilikuwa inatafuta Jaji Mkuu wa kwanza chini ya katiba mpya, na kitu wasee walikuwa wanabishania sana ni kipuli. Dkt Willy Mutunga alikuwa anavaa kimoja sikioni, na maswali yakaanza: huyu ni shoga?

Swali likafika hadi kwenye mahojiano ya kazi. Mutunga hakuzunguka. Alisema yeye si shoga, lakini habagui walio mashoga. Kipuli kinamuunganisha na mababu zake, na kama kazi inataka akitoe, basi kazi ikae. Kazi akapewa, akaongoza Mahakama hadi 2016, kipuli kikiwa palepale.

Sasa fikiria angejibu "ndiyo". Ingekuaje?

Kabla useme hiyo ni mambo ya Wazungu huko Ulaya, cheki Afrika Kusini. Edwin Cameron aliteuliwa jaji na Nelson Mandela mwaka wa 1994, na kila mtu alijua ni shoga. Huyu hakuwa mtoto wa mdosi. Alizaliwa Pretoria 1953, baba yake akafungwa jela, na yeye akakaa miaka kadhaa kwa makao ya watoto. Masomo yakamtoa, yakamfikisha Oxford, kisha akarudi kupigania haki enzi za ubaguzi wa rangi.

Mwaka wa 1999, akiwa mbele ya tume inayoajiri majaji, akasema lingine: anaishi na virusi vya ukimwi. Hakuficha kwamba yuko hai kwa sababu mshahara wake ulitosha kununua dawa, huku maskini wakifa kwa kuzikosa. Akaikosoa serikali ya Thabo Mbeki peupe kuhusu hilo. Hata hivyo alipanda hadi Mahakama ya Katiba mwaka wa 2009, akastaafu 2019.

Tofauti iko kwa sheria. Katiba ya Afrika Kusini inataja wazi kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda. Yetu haitaji. Kifungu cha 166 kinataka jaji awe na maadili ya juu, na hapo ndipo mtu anaweza kuangushwa: nani anapima hayo maadili, na kwa rula gani? Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu cha 162, kinachobeba hadi miaka 14 jela. Kinaadhibu kitendo, kusema tu wewe ni shoga si kosa. Lakini mtaani hiyo tofauti haijulikani, na jaji angeandamwa tu.

Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta sheria hiyo. Siku tatu kabla, Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki. Huyu ni mtoto wa Nakuru, mwandishi aliyejitangaza shoga Januari 2014. Halafu Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu ikaamua kwa majaji 3 dhidi ya 2 kwamba shirika la kutetea mashoga lina haki ya kusajiliwa. Kwa hivyo leo unaweza kusajili shirika, lakini jela bado iko kwa vitabu.

Sasa chukua kijana wa Longonot anayesoma sheria, ana akili kali na ni shoga. Akitaka siku moja kukalia kiti cha jaji pale Nakuru, ana njia mbili: anyamaze maisha yote, ama aseme na ajipange. Na anayenyamaza ni rahisi kutishwa, kwa sababu mwenye siri yake ndiye anamshika shingo.

Wewe ukiwa na kesi ya shamba kortini Naivasha, unataka jaji gani? Yule asiye na cha kufichwa, ama yule anayeweza kupigiwa simu usiku kabla ya hukumu?