Maneno Jirani Yaliyo Maadui

Hebu fungua kamusi ya Kiingereza kwenye herufi H. Utayakuta maneno "hypertension" na "hypotension" yakikaa karibu kama nyumba za mtaa mmoja. Sura zao zafanana, lakini maana zao ni kama mbingu na ardhi. La kwanza ni shinikizo la damu lililopanda kupita kiasi. La pili ni shinikizo lililoshuka mno.

Jambo hili si la walimu peke yao. Katika nyumba nyingi, nyanya akitoka hospitalini humpa mjukuu kadi amsomee, maana huyo ndiye aliye shuleni. Mtoto akisoma "hypo" palipoandikwa "hyper", huenda jirani mwenye nia njema akashauri nyanya aongezewe chumvi ili damu ipande. Kumbe mwenye shinikizo la juu huambiwa aipunguze chumvi hiyo hiyo!

Chanzo cha tofauti hii ni Kigiriki. "Hyper" ni juu au kuzidi, na "hypo" ni chini. Ndiyo sababu sindano ya kudunga chini ya ngozi huitwa "hypodermic". Kwa bahati nzuri, sisi Waswahili tuna njia rahisi ya kukumbuka. "Hypo" hutamkwa karibu sawa na neno letu "haipo". Basi ukiona "hypo", jiambie: haipo ya kutosha, imepungua.

Nambari pia husaidia. Shinikizo la kawaida la mtu mzima ni kama 120 kwa 80. Likipimwa mara kadhaa na kupatikana 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni "hyper". Likiwa chini ya 90 kwa 60, hiyo ni "hypo".

Wenye kisukari nao wana jozi yao: "hyperglycaemia" ni sukari kuzidi katika damu, na "hypoglycaemia" ni sukari kupungua. Hapa ndipo kosa laweza kuua. Watu wengi wakisikia mtu ana kisukari, humnyima kila kitu kitamu. Lakini aliyetumia dawa kisha akakosa kula aweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho, kuhisi njaa kali na kusema maneno yasiyoeleweka. Huyo sukari haipo! Kama ana fahamu na aweza kumeza, mpe haraka vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, kisha mwangalie tena baada ya dakika 15. Kama amezirai, usimtie chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini.

Kwa hivyo kadi ikija nyumbani, isiwe kazi ya mtoto kukisia. Asome neno herufi kwa herufi, alitafute kamusini, na aangalie nambari zilizoandikwa kando yake. Na nyanya naye asione haya kumuuliza daktari kabla ya kuondoka: "Imepanda au imeshuka?" Swali hilo la maneno matatu halihitaji Kiingereza, na kuuliza si ujinga.