"NI MAFUA TU" ITATUULIA WATU (Sehemu ya 4)

Mama zangu, leo nasema bila kupepesa macho: hiyo kauli ya "ni mafua tu" naichukia.

Kuna ugonjwa unaitwa mayasthenia gravisi. Kinga ya mwili inakosea, inashambulia pale neva inapokutana na msuli. Kope zinalegea, mtu anaona vitu viwili viwili, kutafuna kunamchosha. Huwapata sana wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Jirani anasema mvivu huyo, mwingine anasema karogwa.

Sasa huyu akipata mafua ya virusi, misuli ya kumeza na kupumua inaweza kuishiwa nguvu haraka. Na sisi tunafanyaje? Mbio duka la dawa: "Nipe azithro." Jamani, antibaiotiki haiui virusi! Tena azithromaisini, siprofloksasini na jentamaisini zinaweza kumzidishia udhaifu ule ule.

Usiniambie pia "kipimo cha kidole kinasoma 97, yuko sawa." Kwake oksijeni inaweza kushuka mwishoni kabisa. Mwambie avute pumzi moja ahesabu. Hafiki 20? Anapaliwa na mate, sauti inatokea puani, shingo haibebi kichwa? Hospitali sasa hivi, siyo kesho asubuhi.

Dawa zake asiziache. Autaje ugonjwa wake kabla ya sindano yoyote. Na wewe unayepiga chafya, unaenda kumsalimia ya nini? Mpigie simu.