Kompyuta Isimtafunie Mwanafunzi

Juzi mwanangu mdogo alinionyesha somo la mvua katika kompyuta. Picha zilicheza, sauti ikasoma, naye kazi yake kubonyeza kitufe tu. Nilipomwuliza mvua hutokeaje, alicheka, akataka kuifungua mashine tena atazame.

Nikakumbuka chuoni. Nilidhani nimekwisha hitimu somo langu, hata mwalimu aliponikabidhi wadogo niwasomeshe. Hapo ndipo nilipojua nisichokijua.

Haya si maneno ya mshairi tu. Mwaka 1974 mtaalamu wa Marekani, Merlin Wittrock, alieleza kuwa kujifunza ni kuunda: mwanafunzi huliunganisha jambo jipya na yale ayajuayo. Na mwaka 1978, Norman Slamecka na Peter Graf walionyesha kwa majaribio kwamba neno alilolitafuta mtu mwenyewe, kwa kupewa dokezo na herufi ya kwanza, hulikumbuka zaidi kuliko alilolisoma tu.

Basi, ndugu zangu mnaotunga masomo ya kompyuta, mbona mwampa mtoto kila kitu tayari? Mwacheni afupishe somo kwa maneno yake, atunge swali, achore, atoe mfano wa mtaani kwake. Kisha mashine imsahihishe, maana kosa alilolibuni mwenyewe likiachwa, nalo atalihifadhi.

Hasha, sisemi kompyuta zitupwe. Nasema zisimtafunie mwanafunzi. Mwenye kutafuniwa humeza, lakini ladha haijui.