Nunua mizani kwanza, mashine baadaye

Kuna ubishi umewakamata washkaji zangu wawili watatu walioko Texas. Si wa Simba na Yanga, ingawa rangi ni zilezile. Mmoja anashabikia nyekundu (Lee, na Hornady pia), mwingine kijani (RCBS), wa tatu anakuja na bluu yake ya Dillon na kuwaona wenzake wote washamba. Wanachobishania ni mashine ya kujazia risasi nyumbani: anayeanza anunue ipi?

Mimi nasema wanabishania kitu kisichostahili. Lakini kwanza tuwekane sawa, maana najua wengi wenu huku Bongo mnashangaa kusikia kwamba mtu anaweza kukaa gereji kwake akajitengenezea risasi. Marekani inawezekana na ni halali. Sheria ya shirikisho haimdai leseni anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe. Leseni ya utengenezaji inamhusu anayejaza ili auze. Risasi moja ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki pale kitakoni, baruti ndani na kichwa juu. Ukishapiga, fataki imekwisha, baruti imeungua na kichwa kimekwenda zake. Ganda linabaki zima, na aghalabu ndilo sehemu ya gharama kubwa. Wamarekani wakaona ni ujinga kulitupa.

Mashine ziko za aina tatu. Ya kwanza inafanya hatua moja kila ukivuta mkono. Ya pili ina kichwa kinachozunguka, hubadilishi kalibu kila mara. Ya tatu ni ya mfululizo: kila ukivuta mkono hatua zote zinafanyika kwa pamoja kwenye maganda tofauti, na risasi iliyokamilika inadondoka kwenye bakuli. Vijana wote wanaitaka hiyo ya tatu. Wameiona kwenye video, jamaa anavuta tu, kwa saa moja anatoa mamia.

Hapo ndipo tunapoachana. Baruti za kisasa za bastola zina nguvu kiasi kwamba kipimo sahihi mara nyingi hakifiki hata nusu ya ganda. Maana yake ni nini? Ukijaza mara mbili kwa bahati mbaya, ganda linapokea bila kumwagika, unaweka kichwa juu, na kwa nje hakuna dalili yoyote. Utajua siku bastola inapopasukia mkononi. Mwenye mashine ya mfululizo anatakiwa aangalie mambo manne yanayotendeka kwa wakati mmoja, na macho anayo mawili. Mzoefu anaweza. Aliyeanza Jumamosi iliyopita hawezi, hata awe na digrii ngapi.

Ile ya hatua moja inachosha, sikatai. Lakini maganda 50 yanasimama kwenye trei yakiwa na baruti tayari, unachukua tochi unamulika moja baada ya jingine kabla hujaweka hata kichwa kimoja. Lenye baruti nyingi kuliko wenzake utaliona. Uvivu wa mashine ndio ulinzi wake.

Sasa mizani, ambayo washkaji wameiweka mwisho kwenye orodha yao kama chumvi ya kuongezea mezani. Baruti hupimwa kwa greni. Ratili moja ina greni 7,000, kwa hiyo gramu moja tu ni zaidi ya greni 15. Mizani ya kazi hii inasoma sehemu ya kumi ya greni, yaani kama miligramu 6.5. Mizani ya jikoni haina habari na kitu kama hicho. Zipo za betri na zipo za mkono wa kuning'inia, za kizamani. Mimi ningechukua ya kizamani, pamoja na vijiwe vya kuihakiki. Haina betri ya kuisha, wala haibadilishi mawazo kwa sababu feni imewashwa.

Kitu cha pili ni kitabu cha vipimo, kutoka kwa watengenezaji wenyewe: Hornady, Lyman, Hodgdon na wenzao. Kichwa hiki kwa baruti hii, anza hapa, usivuke pale. Unaanza na kipimo cha chini, basi. Usichukue namba kwa jamaa wa YouTube, hata kama ana wafuasi kuliko Diamond.

Maboksi ya vifaa vya kuanzia si mabaya. Ila soma kilichomo. Mengi hayana kalibu za aina ya risasi yako wala kalipa ya kupimia urefu, na bila hivyo utakaa na mashine nzuri ukiitazama.

Na hela je? Kila mmoja wao anadai ataokoa. Kama unapiga milimita 9, ambayo ndiyo risasi rahisi dukani, utasubiri sana kurudisha fedha ya vifaa. Faida inaonekana kwa risasi kubwa za bunduki za kuwindia, au kwa mtu anayepiga mno. Wapo wanaosema wanajiandaa kwa uhaba. Ni kweli, kampuni ya RCBS yenyewe ilizaliwa 1943, wakati wa vita, Fred Huntington alipoanza kutengeneza vifaa vya kujifulia vichwa vya risasi pale Oroville, California. Lakini kumbukeni 2020 na 2021: risasi ziliadimika, watu wakakimbilia mashine, kisha wakakuta fataki nazo hakuna. Fataki huwezi kujitengenezea nyumbani, na viwanda vyake Marekani vinahesabika kwa vidole.

Tukiwa kwenye fataki, kuna kichekesho. Mfumo wanaoupenda Wamarekani, wa tundu moja katikati ya kitako, uliasisiwa na Mwingereza, Edward Boxer. Mfumo ulioenea Ulaya, wa vitundu viwili pembeni, ni wa Mmarekani, Hiram Berdan. Yote ya 1866. Anayeanza atafute maganda ya Boxer. Ya Berdan kuyatoa fataki ni mateso.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni vumbi. Kiswahili chetu kinaita risasi ile metali na ile inayotoka kwenye bunduki, na hapa lugha imepatia. Mabaki ya fataki yana risasi ya sumu, na ukisafisha maganda yaliyotumika kwa mashine ya kutikisa inakuwa vumbi hewani. Mshkaji mmoja anaishi apatimenti na mtoto wa miaka miwili anayetambaa kila kona. Huyo nimemwambia wazi: usianze mpaka upate sehemu ya peke yake yenye mlango wa kufunga. Asome pia mkataba wake wa nyumba. Baruti na fataki chini ya sakafu ya jirani si siri ya mtu mmoja.

Halafu viza! Sheria ya shirikisho inawakataza wengi walioingia kwa viza za muda, wanafunzi wakiwemo, kumiliki bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa masharti maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani ni habari nyingine. Sasa wewe uko mwaka wa pili chuoni, unataka kuhatarisha masomo na kufukuzwa nchini kwa ajili ya boksi la maganda? Na usidhani utayafungasha uje nayo Dar. Huku tuna sheria ya silaha na risasi ya 2015, na haitanii.

Kwa aliyetimiza hayo yote, nampa ushauri wa bei. Mashine ya chuma kizito ya hatua moja inunue hata kuukuu, zinadumu miongo. Mizani na kitabu nunua vipya. Na akitokea mzee jirani anayehama, akakupa bure chupa ya baruti isiyo kwenye kopo lake la kiwandani, mshukuru sana kwa heshima zote, halafu usiipokee.