Redio ya Betri Isichekwe

Wapo wanaoicheka redio ya betri, ile iliyofungwa kwa mpira baada ya kuanguka, ambayo betri zake zilianikwa juani ili zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Wacheke, lakini wasisahau kazi iliyofanya. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili waliyoyasikia, kisha wakachimba vyoo. Leo simu ya mkononi imebeba redio, picha na magazeti, lakini kila mtu husikiliza na kucheka peke yake. Walimu hawana budi kuwakusanya wanafunzi wasikilize kipindi kimoja, wabishane, na hatimaye watende.